Dubu na Ngoma ya Ngedere

Alikuwapo dubu mmoja jike, aliyechezeshwa ngoma masokoni miaka saba, kamba puani, mpaka watu wema wakamwokoa na kumpeleka kwenye hifadhi ya dubu. Siku ya wageni Ngedere, mpenda sifa, aliingia na ngoma kwapani, akawatambia wenzake: "Nikiipiga tu, atainuka. Mtumwa hasahau."

Akaipiga. Miguu ya Dubu ikaanza kutetemeka yenyewe. Dubu akajua kwamba akiinuka, ni kama kamba imerudi puani. Akaketi kitako, akaishika miguu yake kwa nguvu zote.

"Cheza, bibi!" Ngedere alifoka. Akazidi kupiga, akaruka huku na huku kumwonyesha, hata jasho likamtoka na ngoma ikapasuka.

"Ahsante, mwanangu, umecheza vizuri," alisema Dubu. Wageni wakaangua kicheko.

Kilipotulia, Dubu akainuka mwenyewe, bila ngoma, akacheza mpaka vumbi likatimka.

"Mbona sasa wacheza?" aliuliza Ngedere.

"Mcheza kwao hutunzwa," Dubu akajibu, "nami leo ndiyo kwanza niko kwetu."