Gitaa la Baba Mkwe

Simu ilianza kutetema mfukoni mwa fundi cherehani wakati hana kiungo hata kimoja cha kuipokelea. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kipande cha chuma juu ya nyuzi. Vidole vya kulia vilikuwa vimevikwa kucha za bati. Mguu mmoja umekanyaga pedali mbili kwa pamoja, wa pili uko kwenye pedali ya sauti, na magoti yote yamebanwa kati ya vyuma vinavyoning'inia chini ya gitaa. Gitaa lenyewe lilisimama mbele yake kwa miguu minne, utadhani meza ya kupigia pasi.

Alijua ni nani. Msimamizi wa kiwanda cha sare alitaka jibu leo: kazi ya ukataji anaichukua, au apewe mwingine? Ilikuwa kazi ya zamu ya jioni. Na jioni ilikuwa ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amekaa palepale pa siku zote, kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono mapajani. Ili kutoka, ilibidi mtu apite mbele ya magoti yake, na mtu mwenye adabu hapiti. Fundi akaiacha simu itetemeke mpaka ikachoka yenyewe.

Alijiponza kwa mdomo wake. Baba mkwe alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya hoteli. Baada ya mazishi, vitu vya marehemu vilipokuwa vinagawanywa, fundi aliligusa hili gitaa la pedali akasema, "Si vizuri hili likanyamaza." Alisema tu, kama watu wanavyosema msibani. Wiki ileile gitaa likaingia sebuleni kwake, na mama mkwe akaja nyuma yake na mabegi.

"Mama amefurahi mno," mkewe alimwambia. "Anasema ukipiga anamsikia baba."

Yeye na mama mkwe hawakuwa na maneno zaidi ya shikamoo na marahaba. Ndiyo heshima. La zaidi ya hapo lilipitia kwa mke, kwenda na kurudi.

Muziki hakuujua hata wa kuimbia bafuni. Rafiki yake mpiga kinanda alijaribu kumweleza ngazi za sauti, ya kwanza, ya nne, ya tano, mpaka kichwa kikamuuma. Mwishowe akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa akatia alama alizozielewa mwenyewe: hapa uzi wa tatu, wa nne na wa tano zinapatana, hapa zinagombana kama mawifi.

Mguu ndio uliomtesa zaidi. Mguu wa cherehani hukanyaga na kuachia bila kufikiri. Hapa ilibidi ukanyage, ushikilie, kisha uachie taratibu, sauti ishuke kama mtu anayejikaza asilie. Akiachia haraka, gitaa lilibweka, na mbwa wa jirani hakuwahi kukosa kumjibu.

Kila lilipobweka, mama mkwe alifumba macho.

"Anamkumbuka mumewe," mke alieleza. "Usije ukaacha. Utamuua."

Siku moja fundi alisingizia kidole kimevimba, akajilalia zake chumbani. Mke alimfuata, macho mekundu. "Mama hajagusa chakula," alisema. Kesho yake kidole kikapona.

Simu ikatetema tena. Safari hii aliweka chuma chini, akainama kidogo kumwomba radhi mama mkwe, akapokea akiwa amekaa.

"Mpe mwingine, bosi," alisema. "Jioni nina shughuli ya nyumbani. Hapana, haiahirishiki."

Akakata. Meza ndefu ya kukatia, mkasi wa umeme, mshahara wa kila mwezi, kuacha kubanana kwenye baraza la watu kushona viraka, vyote vikaenda na simu ile. Alitamani kulia, mtu mzima na ndevu zake. Alilichukia gitaa. Alimchukia kidogo na marehemu, kisha akamwomba Mungu msamaha.

Akashika chuma, akapiga kwa hasira. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze, mambo yakakaa sawa: chuma juu ya alama, nyuzi tatu pamoja, mguu ukaachia taratibu bila kuambiwa. Sauti ikashuka, ikalia vizuri hasa. Jikoni, ambako kabla ya hapo sufuria zilikuwa zinagongana, kukawa kimya.

"Mwanangu," mama mkwe akasema.

Fundi alishtuka. "Naam, mama."

"Kazi ya watu umeikataa kwa nini?"

Hakuwa na nguvu za kutunga uongo. "Kwa ajili yako, mama. Usikose gitaa lako."

"Langu?" Mama mkwe aliinuka kwenye kiti. "Mimi gitaa hili limenichosha tangu naolewa! Marehemu akilishika, mimi huyo, kwa jirani. Hapa najikalisha kwa sababu mkeo kaniapia kwamba huwezi kujifunza bila mtu wa kukusikiliza, nikiondoka nitakuvunja moyo. Nami nikasema, mkwe ni mkwe, acha nivumilie."

Fundi aliondoa mikono kwenye nyuzi.

Kisha sauti ya mkewe ikatoka jikoni nyuma ya pazia, nzito, ya mtu aliyelia muda mrefu.

"Mbona umenyamaza? Baba alikuwa haishii hapo."