Unga Uliobaki Chini ya Hori

Mfupa wa mguu wa Farasi ulipata ufa miezi mitatu kabla ya kundi kuhamia malisho ya mlimani. Asiyeweza kutembea angeachwa nyuma, aliwe na fisi. Punda, mganga asiyebahatisha, alimwamuru apumzike, na kila asubuhi ale pumba zilizochanganywa na molasi na unga wa madini ya mifupa.

Farasi alipenda vitamu. Alilamba molasi, akatafuna pumba, unga akauacha chini ya hori. Wiki sita zikapita, naye bado anachechemea.

"Dawa yako vumbi tu, Mzee Punda," alilalamika. "Nimeimaliza yote."

"Yote?"

"Hori si hilo hapo? Litazame."

Kweli, hori lilikuwa safi. Punda akamgeukia Kuku, jirani asiyejua kunyamaza.

"Mayai yanaendeleaje, bibie?"

"Usiniulize, mzee. Zamani yalipasuka nikiyakalia. Juzi kenge kauma moja, kaondoka na pengo. Mshukuru dada Farasi, hunibakizia unga kila siku."

Farasi akainamisha kichwa. "Basi dawa haina kosa."

"Haina," alisema Punda. "Ila humtibu anayeimeza. Wiki sita zimebaki, zinatosha."

Tangu siku hiyo Farasi alilamba hori mpaka mbao. Kundi lilipohama, alikuwa mkiani mwa msafara, anatembea polepole, miguu yote minne ikikanyaga chini. Kuku alibaki nyumbani, akiyakalia mayai yake kwa uangalifu mkubwa.