Nondo ya Mama Nabor

Mama Nabor aliichomeka nondo ardhini, akaigongelea kwa nyundo, akaichomoa, akanusa ncha yake. Akatikisa kichwa.

"Hamna kitu," alisema. "Haya, Baba Wili, mwaga zege lako."

Fundi Fulgencio alishusha pumzi. Tangu wenye bunduki wamchukue Nabor, mama huyu alikuwa akizunguka milimani na akina mama wenzake, kila mmoja na nondo yake, wakinusa udongo kutafuta harufu ya maiti. Polisi walichoka zamani. Akina mama hawakuchoka, na hilo ndilo lililomnyima Fulgencio usingizi. Maana aliyewaonyesha wale watu mlango wa Nabor alikuwa Wilibaldo, mwanawe wa pekee, rafiki wa Nabor tangu utotoni, ambaye mama huyuhuyu alimsimamia ubatizo. Mifupa ya Nabor ikionekana, maswali yangeanza, na Wili angekwisha. Ndiyo sababu fundi alimwamuru kijana wake akimbilie Tijuana, mji wa mbali mpakani, mpaka mambo yapoe.

Na sasa, ajabu ya Mungu, mama mwenyewe kanyoosha mikono! Alimfuata fundi nyumbani, akamwambia amechoka kuchimba, anataka ua wake usakafiwe apate pa kuanikia mahindi. Fulgencio nusura amkumbatie.

Vibarua walianza kupokezana ndoo.

"Changamkeni, wavivu nyie! Zege halingoji mmalize umbea!" fundi alifoka.

Karibu na ukuta, buti la fundi lilididimia.

"Mama Nabor, hapa pamechimbwa?"

"Wapi sijachimba, baba? Nilidhani labda walimtupa humuhumu kwangu. Nikafukia."

"Hukushindilia. Sakafu itapasuka."

"Basi shindilia wewe. Si ndiwe fundi?"

Akashindilia kwelikweli. Alitwanga kwa gogo, kisha akapanda mwenyewe, akarukaruka. Vibarua wakapiga vigelegele, wakamwambia mzee azungushe kiuno, naye kwa furaha aliyokuwa nayo akakizungusha. Mama Nabor alimtazama kutoka mlango wa jiko. Hakucheka, wala hakukasirika.

Zege likamwagwa, likavutwa kwa ubao, likalala sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta. Fulgencio hakuwahi kumwaga sakafu nzuri namna ile, na alilijua hilo.

Siku ya zege, mwenye nyumba huwalisha mafundi. Mama Nabor alipakua kuku wa mole, mchuzi mzito mweusi, na tortilla za moto, vile vichapati vya mahindi.

"Wili kapiga simu?" aliuliza, akimwongezea fundi mchuzi.

"Bado. Watoto wa siku hizi! Akishaona taa za mji, baba ni nani?"

"Alipita kuniaga siku ile anasafiri. Nilimpa mole. Alifagia sahani."

"Hakuniambia."

"Na akishiba ana maneno, mwanao! Alizungumza mpaka akalia."

Fulgencio alirudisha tonge sahanini. "Maneno gani?"

"Ya utotoni, yeye na Nabor wangu. Kula, baba, chakula kinapoa."

Akala. Alijiambia kwamba mama huyu kama angejua lolote, asingempakulia paja la kuku.

Ikabaki desturi ya mwisho, kusimika msalaba wa mbao wenye maua ya karatasi kwenye zege bichi. Fundi alikuwa anaelekea pembe ya mlangoni, panaposimikwa siku zote, mama akamzuia.

"Hapana. Kule ukutani, pale ulipokuwa unacheza."

Fulgencio hakuona sababu ya kubishana. Alitandika ubao, akatambaa mpaka pale, akauzamisha msalaba. Akavua kofia, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba mwanawe amepona.

Vibarua walipokwisha kuondoka, alibaki akiosha mwiko wake pipani, akipiga mluzi. Mama Nabor akamjia na ile nondo. Alikuwa ameifuta udongo wote.

"Chukua, Baba Wili."

"Ya nini tena, mama?"

"Mimi wangu nimeshaambiwa aliko, kesho naenda kumfukua. Sasa ni zamu yako kutafuta." Akamshikisha nondo mkononi, akamfumbia vidole taratibu. "Ila milimani usijisumbue."