Sahani Iliyobaki Ngumu

Siku hizi vyombo vyote hutengenezwa na bakteria. Sahani hustahimili chakula cha moto, haistahimili kukaa bure: isipopakuliwa kitu cha moto kwa miezi mitatu, hulainika ikarudi kuwa udongo.

Bi Mwanakombo alilijua hilo, ila hakuwa na moyo wa kutumia vyombo vya wageni. Leo wamekuja watu wa kumposa bintiye. Akafungua kabati, akakuta udongo mweusi unaonukia mvua, na sahani moja tu, ngumu kama mpya.

“Zaituni!” alimwita mke wa mwanawe. “Hii imeponaje?”

“Mimi hula humo, Mama.”

“Kwenye sahani ya wageni? Tangu lini?”

“Tangu nilipoolewa. Mlinipakulia humo siku ya kwanza. Nikishaosha, huirudisha.”

Bi Mwanakombo akatazama sahani za nyumbani, zilizopangwa jikoni. Zilikuwa nne: yake, ya mumewe, ya mwanawe, ya bintiye. Miaka mitatu tangu Zaituni aolewe!

“Mbona hukusema, mwanangu?”

“Mgeni siku mbili, Mama, ya tatu mpe jembe. Jembe mlinipa. Nilikuwa nangoja sahani.”

Sebuleni, watu waliokuja kumposa bintiye walikuwa wakicheka.