Pumzi ya Mama

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga gizani, chai ikichemka, Mwajabu alipomsikia mwanawe Shani akikohoa tena. Kisanduku cha shule cha kupimia vifua, kilichobandikwa ukutani, kilikuwa kimeshawaka, kikisubiri pumzi ya mwanafunzi kama kila alfajiri. Siku hizi shule na hospitali zilikuwa kitu kimoja. Mwenye kifua kizima alikwenda darasani, mwenye kifua kibovu alipelekwa bweni la tiba, na mzazi akawa anamwona kupitia kioo. Mtoto wa jirani alikaa huko mwaka mzima, akarudi anamwita mama yake "sista", kama alivyozoea kuwaita wauguzi.

"Usije ukamwambia mtu," Mwajabu alinong'ona. Akasogelea kisanduku, akapuliza yeye badala ya mtoto, kama alivyofanya kwa wiki tatu sasa.

"Hongera, Shani!" kisanduku kikasema kwa sauti ya mwalimu. "Kifua kama cha mtu mzima! Jana ulikimbia mizunguko minne, leo tunakuongezea iwe minane."

Jana hiyo mtoto alirudishwa amebebwa mgongoni na wenzake, midomo imekuwa ya kijivu, na Mwajabu akajidanganya kwamba ni jua tu.

"Kimbia polepole, mwanangu. Utapona. Mama nipo."

Shani alivaa viatu. Kisha akapanda kigoda, akasogeza mdomo karibu na kisanduku.

"Mwalimu, anayepuliza ni mama."