Ngiri na Wachimbaji wa Ng'ambo

Ngiri, mkubwa wa nchi ya huku mtoni, hakuwahi kuchimba shimo maishani mwake. Mashimo yote ya nchi yake yalichimbwa na akina Muhanga, waliovuka mto kutafuta kazi. Hata hivyo kila asubuhi alijinyoosha ndani ya shimo lake na kunung'unika kwamba wageni wamemaliza kazi za wenyeji.

Siku moja akamwita Muhanga. "Kwenu wapi?"

"Ng'ambo, mzee."

"Basi rudini mkapajenge."

Muhanga hakubishana. Aliwakusanya wenzake, wakavuka.

Masika yakaja, mashimo yakabomoka. Ngiri akawaamuru vijana wake wachimbe, lakini kila mmoja akadai kuwa yeye ni msimamizi. Simba akapata habari kwamba ngiri wanalala nje. Wa kwanza kuliwa alikuwa kaka yake Ngiri.

Ngiri akavuka mto mbio, akabisha hodi kwa Muhanga.

"Karibu, mzee. Umekuja kutafuta kazi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Unajua kuchimba?"

Ngiri akatazama chini. "Najua kulala shimoni."

"Pole, mzee," Muhanga akasema. "Kazi hiyo tumewawekea wenyeji."