Kilo Mbili Zilizorudi

Mshonaji alishuka kwenye mizani ya kliniki, akavua viatu, akapanda tena. Mshale haukumwonea haya: kilo mbili zilikuwa zimerudi.

Ilikuwa miezi ishirini tangu akatwe sehemu kubwa ya tumbo la chakula kwa upasuaji wa kupunguza unene, na muda wote huo uzito ulikuwa ukishuka tu.

"Basi narudi kulekule, dada," alimwambia muuguzi, machozi yakimlengalenga. "Na hata hicho kidogo ninachokula nakitapika."

Muuguzi alimtazama kiuno, akamtazama usoni. "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Mshonaji akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya. Miaka tisa ya ndoa bila mtoto ilikuwa imemkatisha tamaa na hesabu hiyo.

Kipimo cha mimba kilitoa mstari mmoja. Kisha, taratibu kama wino unaokolea kwenye kitambaa, wa pili ukajitokeza, mwekundu.

"Daktari alisema tungoje mwaka na nusu kabla ya kushika mimba," alinong'ona. "Na hiki kijitumbo kilichobaki, kitalisha wawili?"

"Mmeshangoja, mama. Tutakupima damu, tutakupa vidonge, tutakufuatilia. Wenzako wamejifungua salama."

Mshonaji alimpigia simu mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Kelele za karakana zilimeza maneno yake mara mbili. Mara ya tatu alipaza sauti mpaka korido nzima ikageuka: "Nina mimba, mume wangu! Nina mimba!"

Akamsikia mumewe akiwapigia kelele wenzake: "Zimeni mashine! Zimeni zote! Hebu arudie tena!"